Masikio ya Meneja

Mumewe alizima televisheni mwenyewe, mpira haujafika hata mapumziko. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaigusagusa simu kidogo, kisha akailaza kifudifudi juu ya meza ya cherehani.

"Mke wangu," alisema, "hebu nieleze. Unajisikiaje siku hizi?"

Mkewe, fundi wa mapazia, alitoa mguu kwenye kanyagio. Pazia la mteja lilibaki limening'inia, limeshonwa upande mmoja. Tangu waoane, mwanamume huyu hakuwahi kumuuliza swali lisilohusu chakula au shati la kupiga pasi.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kukusikiliza."

Ni yule kocha, mke akawaza. Mumewe alikuwa meneja wa kiwanda cha magodoro, na miaka yote alikiongoza kwa kufoka. Mafundi wazuri waliacha kazi kwa sababu ya mdomo wake, hadi wakubwa wakamwita wakamwambia ajirekebishe au aondoke, na wakamtafutia kocha wa kumfundisha uongozi. Kiwandani watu walicheka wakashika mbavu. Kocha wa nini? Kwani meneja anacheza namba ngapi?

Lakini hawakucheka siku nyingi. Juzi tu mama mmoja mkata sponji alipokuja kuchukua mapazia yake alisimama mlangoni akasema, "Dada, bosi kabadilika. Ukimpelekea shida anatulia tuli, anakusikiliza mpaka umalize. Siku hizi hakuna anayekwenda kulia chooni." Mke aliitikia kwa kichwa, roho ikimuuma. Kumbe anaweza! Basi kwa nini akirudi nyumbani anatia pamba masikioni?

Ndiyo maana begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Kesho asubuhi angekwenda kwa mdogo wake wa kike, na hakukusudia kurudi.

"Hakuna cha kueleza," alisema.

Mume hakufoka. Aliinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti, vipande vya sponji vimemganda kwenye soksi kama kawaida yake. Alinyamaza, akaendelea kunyamaza, na kimya kile ndicho kilichomshinda mke.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka kuongea na kisogo chako."

"Kisogo changu," mume akarudia taratibu.

"Ndiyo, kisogo! Tangu mtoto afe sijaona kingine."

Alikaa mkao wa kungoja kelele. Mtoto alikuwa hatajwi katika nyumba ile. Hakumaliza hata mwezi duniani, na kesho yake baada ya mazishi baba yake alirudi kiwandani kama mtu aliyetoka likizo. Kitanda kile kidogo alikigawa bila kumuuliza mtu.

"Nieleze kuhusu mtoto," alisema mume.

Basi fundo likafunguka. Alimweleza jinsi maziwa yalivyoendelea kumjaa na hakuna wa kuyanyonya, akawa anayakamua bafuni, bomba amelifungulia lote ili asisikike akilia. Alimweleza kuhusu kishuka alichokishona mwenyewe, ambacho mpaka leo anakificha chini ya vitambaa vya wateja. Alimweleza alivyomchukia yeye, mume, mwaka mzima, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia.

"Nililala," akasema. "Usiku ule nililala. Nimelala hapo hapo pembeni yake, naye anakufa."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mdogo wake. Akaangua kilio, kwikwi juu ya kwikwi.

"Pole," alisema mume. "Pole sana." Akamsogezea kitambaa. "Ulilala. Na umelibeba jambo hili peke yako."

"Peke yangu."

"Asante kwa kuniambia."

Alipoinuka alijiona mwepesi, hata akashika ukuta. Alinawa uso. Akaingia chumbani, akalivuta begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja, akizinyoosha kwa kiganja. Kisha akampigia mdogo wake.

"Siji tena."

"Amekuomba msamaha?"

"Hapana. Amenisikiliza."

"Nani? Huyo huyo shemeji yangu?"

"Huyo huyo," alisema, akajikuta anacheka huku kamasi zinamtoka.

Alikwenda jikoni akainjika chai, ya watu wawili. Alipokuwa akirudi na sinia alisikia mtu anaongea sebuleni. Ilikuwa sauti ya mwanamume asiyemjua, inatoka kwenye simu iliyofunguliwa spika.

"Nimeisikiliza rekodi ya zoezi mwanzo mpaka mwisho, meneja. Umepiga hatua kubwa. Humkatizi, unarudia maneno yake, sauti imetulia. Ila pale alipolia uliwahi mno kusema pole. Kimya bado hukiwezi. Mwache mtu alie mpaka anyamaze mwenyewe. Rudia hapo tu, unitumie kabla ya Jumatatu."

"Sawa, kocha."

"Na mpe shemeji hongera zake. Mama anajua kuigiza yule! Nusura na mimi nilie."

Mumewe alicheka kidogo. "Zitafika."

Akageuka, akamwona mkewe amesimama mlangoni na sinia.

"Ahaa, chai!" alisema kwa sauti ile ile ya upole. Akaipokea sinia, akamvutia kiti. "Njoo ukae, mke wangu." Akaigusagusa simu, akailaza kifudifudi mezani. "Hebu tuanzie pale uliposema ulilala."