Kipande cha Mgeni Rasmi

Siku hizi msaada wa maafa unaliwa. Ukimeza kipande cha keki ya mtu anayetimiza miaka, unabeba saa moja ya baridi au njaa ya mhanga kule nyumbani, naye kule anapumua. Kwa hiyo Senkondo alipofikisha sabini, Wapare wote wa mji ule wa ugenini walijaa sebuleni kwake kuwabebea ndugu walioporomokewa na mlima.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kisaka, yule aliyeletewa habari kwamba mlima umepasuka akasema watu wasitiwe hofu kabla ya uchaguzi. Mke wa Senkondo, aliyekuwa amekwenda kumzika dada yake, akafukiwa na matope.

"Nilishe basi, mzee wangu, wapiga picha wanasubiri," Mheshimiwa alisema akicheka. "Ila mimi nipe njaa ya mtoto. Baridi sina ubavu nayo."

"Wewe achama tu, Mheshimiwa. Chako nimekitenga."

Alikitenga kweli. Ndani yake kulikuwa na saa ya mwisho ya mkewe, ambayo sheria inakataza kuigawa kwa kuwa maiti hapati nafuu.

Mheshimiwa akameza. Akashika koo, akaanguka zuliani, akaanza kukwangua kwa kucha. Senkondo akavuta kiti karibu, maana utamu huu hakutaka umpite.

"Kipara changu," Mheshimiwa akalia, kwa jina ambalo Senkondo aliitwa na marehemu mkewe chumbani tu. "Uko wapi? Njoo unitoe."

Senkondo aliinuka aondoke, akaketi tena. Saa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.