Simama Bila Fimbo

"Tena, Baba," Joseph alisema, na Mzee Kituyi akainuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Jasho lilimtoka, mguu wa kushoto ukatetemeka, lakini hakuanguka.

Mguu huo ulipondwa na gari la ng'ombe shambani kwa Bwana, Mzungu mwenye shamba, huko njia ya Turbo. Tangu hapo mzee akawa mtu wa kukaa tu. Sheria ya Bwana ilikuwa moja: kila nyumba itoe mwanamume wa kazi, la sivyo ihame shamba. Basi Joseph, mwanawe wa pekee, akashika jembe la nyumba yao.

Mvua zilipokwisha, Joseph akaleta habari mbaya. Eti Bwana amechoka kuona vilema shambani. Mzee asiyeweza kusimama atarudishwa kwao Kimilili. Na Kimilili kulibaki nani? Makaburi tu. Mzee alilia mbele ya mwanawe bila haya, akasema heri afe kuliko kuachana naye.

"Basi tutafanya mazoezi," Joseph akamwambia.

Weee, mzee alitaabika! Asubuhi alisukuma ukuta kwa unyayo. Mchana aliinua jiwe la kusagia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jioni Joseph alirudi kutoka shambani, na pamoja na uchovu wake wote akamkanda mguu kwa samli, kisha wakaanza tena. Jirani yao, Mama Nelima, alimtania mzee kwamba bila shaka anatafuta mke. Mzee alicheka, akamjibu kwamba mwana kama huyu hazaliwi mara mbili.

Siku Bwana alipopita na farasi wake, mzee aliinuka bila fimbo, akatembea mpaka kwenye ua, akabeba debe la mahindi, akarudi nalo. Furaha ilimjaa. Sasa nani angewatenganisha?

Bwana alishangaa.

"Mimi nasema mzee nakaa tu, napumzika mpaka nakufa, hapana taabu," alimwambia mzee. "Lakini Joseph nasumbua mimi kila siku, nataka kwenda Nairobi. Mimi naambia yeye, leta kwanza mtu ya kufanya kazi yako."

Mzee alimgeukia mwanawe aliyesimama kando, akingoja amwambie kwamba Bwana anasema uongo.

"Kesho uamke mapema, Baba," Joseph alisema.