Ngazi ya Kuteremka Darini

Ngazi ilikuwa na vidato kumi na kimoja vya kuteremka, na aliyeishuka mpaka mwisho alijikuta darini. Fundi mwashi aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na aliipenda kuliko kazi zote alizowahi kulipwa. Katika nyumba hii ya ndotoni, timazi, uzi wa kupimia wima wa ukuta, ilining'inia ubavu, na chumba cha ndani kilikuwa kipana kuliko nyumba yenyewe. Mkaguzi wa majengo angezimia.

Tangu mazishi, hapa ndipo mahali pekee fundi huyu, ambaye ni mama, alipomwona binti yake wa miaka saba. Walikaa, wakacheka, kisha mlango ukagongwa na mtoto akatoweka. Fundi alibaki na mwiko mkononi, akilia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Basi akaanza kuongeza. Kila mara mtoto alipokuja alikuta kona mpya, au korido inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Njia ya kwenda mlangoni ikawa ndefu, na muda wao pamoja ukarefuka nayo. Mtoto alilalamika kwamba miguu inamuuma. Mama akamtania kwamba binti wa fundi hachoshwi na ngazi.

Fundi yeyote anapoziba ukuta hujiachia pa kutokea. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa. Leo mama aliuziba mlango wenyewe, naye yumo ndani pamoja na mwanawe. Lilipobaki tundu la tofali moja, kugonga kukaanza, safari hii kwa nguvu.

"Mama, nitatokea wapi?"

"Hutoki, mwanangu. Tumeagana mara nyingi, inatosha."

"Lakini naitwa."

"Watachoka."

Akapaka saruji, akasukuma tofali la mwisho, akalainisha kwa mwiko. Kugonga kukasikika kwa mbali, kisha kukakoma. Mtoto akajilaza mapajani pake, wala hakuuliza tena. Fundi akampapasa nywele, akaona furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu siku ile ya kaburi.

Ng'ambo ya ukuta, mumewe, aliyemzika fundi huyo miezi minne iliyopita, aliacha kumtikisa binti yao kitandani, akamvutia shuka mpaka usoni.