Mbarushimana Asiyeweza R

"Mama Béata, tuweke tu indeksi ya majina," shefu wa ofisi alisema. "Mutu akiandika jina sawasawa, jibu inatoka palepale. Hii kutafuta majina yenye kufanana iko inatuchelewesha."

Kidole cha Béata kiliganda juu ya kitufe cha kompyuta. Mashine hiyo ilitafuta watoto waliopotea wakati watu wa Goma walipoikimbia volkano, na mwanawe Mbarushimana alikuwa mmoja wao.

Mtoto alikuwa hajaweza kutamka r, na sh ilimtoka s. Akiulizwa jina, alijibu kupitia pengo la meno ya mbele: Mbalusimana. Nani ajue aliyemuokota alisikia nini, akaandika nini?

"Hapana, shefu. Ibakie polepole."

Akaandika jina la mwanawe, kama kila asubuhi. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Akakitazama bila haraka. Maadamu kinazunguka, hakuna aliyemwambia kwamba mtoto hayupo.