Chanjo ya Mtoto wa Paka

Mwanahawa alimtoa mtoto wa paka kwenye kanga, akamweka juu ya meza ya daktari wa mifugo.

“Mume wangu hakuwa amesema neno tangu tulipomzika binti yetu,” alisema. “Jana alimwokota huyu mtaroni, akaanza kuongea. Mchanje, daktari, asije akapata ugonjwa wowote.”

Daktari alimpima joto, kisha akairudisha sindano kwenye boksi. “Ana homa kali, mama. Chanjo humkinga aliye mzima. Huyu ameshaugua.”

“Mchanje hivyo hivyo.”

“Haitamsaidia. Nitampa dawa, lakini siwezi kukuahidi kitu.”

Mwanahawa alimfunika paka kwa viganja vyote viwili. Mlangoni mumewe alikuwa akichungulia, akimwita paka taratibu kwa jina la binti yao.