Ufa Juu ya Nyumba

Siku ya tatu baada ya mlima kuporomoka, Nyamizi alipanda kwenda kumpa pole Mama Kashindye. Alimkuta amekaa mkekani kwa jirani, akilitazama tope lililofunika nyumba yake, mumewe akiwa ndani.

Nyamizi alikuwa mwalimu wa hisabati. Chuoni uhandisi wa jiolojia ulikuwa somo lake la pembeni tu, mihula minne basi. Ndiyo maana mwezi uliopita Mama Kashindye alimwita akaangalie ufa uliotokea mlimani, juu ya nyumba. Nyamizi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, asiguse mwisho wake. Akaona na miti ya pale imeinama yote kuelekea bondeni. Alijua maana yake. Lakini aliona haya kuwahamisha watu kwa neno la mwalimu wa hisabati, halafu akikosea achekwe na mji mzima.

"Mimi nilisoma juujuu tu, mama," alisema siku ile. "Watafuteni wataalamu."

Sasa alipiga magoti mkekani, machozi yakamshinda. Mama Kashindye akamvuta kifuani, akawa anampapasa mgongo taratibu.

"Usijitese, mwanangu. Ungejua, ungetuambia."

Nyamizi angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo.

"Mama," alisema, "nilijua."

Ule mkono ukasimama katikati ya mgongo wake. Haukuondoka, wala haukuendelea.