Bangili ya Mtunzi

Zama hizo shairi halikuchapwa mpaka mtunzi wake alighani akiwa amevaa bangili ya serikali. Maneno yakitoka moyoni, bangili iliwaka kijani. Yakiwa ya mdomoni tu, haikuwaka, na shairi likatupwa.

Kampuni ya Mishi ya kuchapisha mashairi ilianzia jikoni kwake, Tanga, kwa diwani moja ya mumewe, Shekuwe, iliyomsifu Mishi tangu mwanzo hadi mwisho. Shekuwe alighani, Mishi akikuna nazi, na bangili haikuzimika hata kidogo. Sasa washairi wa mwambao mzima walipanga foleni mlangoni.

Kwa kitabu cha maadhimisho ya kampuni hiyo, Shekuwe alimtungia mkewe shairi jipya. Aliketi jikoni pale pale, akalighani kwa sauti ile ile tamu. Bangili haikuwaka.

“Imekufa hii,” alisema, akiivua upesi.

“Mbona asubuhi iliwaka kwa lile shairi lako la mvua?”

“Mashine hizi, mke wangu, hazina adabu. Wewe lichape tu.”

Mishi aliichukua bangili, ingali na joto la mkono wa mumewe, akaivaa.

“Nakuamini, mume wangu.”

Haikuwaka.

“Sikuamini.”

Jiko zima likawa kijani.